Jedwali Tupu Kwanza: Shajara ya Mradi wa Utafiti wa Wanafunzi, Mtwara

7 Oktoba

Tumeanza leo. Wanafunzi ni wa mwaka wa pili, stashahada ya maendeleo ya jamii, na wamejigawa makundi matatu. Kila kundi litabuni utafiti mdogo hapa hapa Mtwara, litausimamia lenyewe kuanzia barua ya utambulisho hadi shilingi ya mwisho ya nauli, kisha litaandika ripoti ambayo mtu asiye wa chuo ataisoma na kuielewa.

Kwa kawaida mambo haya hufundishwa kila moja kivyake. Usimamizi wa miradi una kipindi chake na mtihani wake, uandishi wa utafiti nao una wake. Ndiyo maana unamkuta mwanafunzi anayekutajia hatua zote za mzunguko wa mradi bila kusita, lakini pendekezo lake la utafiti halisemi nani atakwenda kijijini, lini, na nauli itatoka wapi. Mwenzangu anayefundisha miradi amekubali tuunganishe vipindi vyetu vya alasiri hadi Februari. Naandika shajara hii kwa ajili ya walimu wenzetu watakaotaka kujaribu, waone kazi ilivyokwenda hatua kwa hatua.

Ripoti zitaandikwa kwa Kiswahili. Wahojiwa watajibu kwa Kiswahili, na wasomaji wetu wa kwanza ni viongozi wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na kina mama wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na hapa.

9 Oktoba

Niliwauliza bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya zao gani. Wengi walisema korosho. Jibu ni karanga, na kipindi kizima kikaishia hapo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alileta wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe wa watu 3 ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ukazunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, sehemu kubwa ikiwa huku Kusini. Kongwa, huko Dodoma, ndiko kazi ilikoanzia. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, visiki vya miti vikavishinda. Kiangazi kilipoingia, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mvua nayo haikuwa ile iliyohesabiwa kwenye mpango. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Huku kwetu ziliachwa alama ambazo wanafunzi wanazipita kila siku bila kuzijua. Bandari yenye kina kirefu ilijengwa Mtwara ili kupakia karanga za Nachingwea, na reli ikajengwa kutoka pwani kwenda huko. Mzigo uliotarajiwa haukuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Mwanafunzi mmoja kutoka Nachingwea alisema babu yake alikuwa akiwaonyesha tuta la reli hiyo, naye akidhani ni hadithi.

Swali nililowaachia ni hili: ni jambo gani mwaka 1946 lingeweza kuhakikishwa kwa fedha kidogo, na lingeokoa hizo milioni 36? Walibishana kweli kweli. Kipimo cha mvua cha miaka kadhaa, alisema mmoja. Kuwauliza Wagogo wa Kongwa kwa nini wao hawalimi karanga kwa wingi pale, alisema mwingine. Kijana wa Nachingwea akasema, "Mwalimu, wangelima ekari kumi kwanza, wangojee kiangazi kimoja." Hakuna kitabu changu cha usimamizi wa miradi kinachoeleza jaribio la awali vizuri kuliko hivyo.

Kazi ya nyumbani: ukurasa mmoja wenye safu mbili. Kushoto, mambo ambayo kundi linayadhani kuwa kweli. Kulia, njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuyahakikisha kabla fedha haijatoka.

14 Oktoba

Mada zimepatikana, ila mada bado si swali. Kundi la korosho lilikuja na kichwa "Athari za Kangomba kwa Maendeleo ya Wakulima wa Mkoa wa Mtwara". Tulikaa na kila neno. Athari zipi? Maendeleo mtayapima kwa nini: bati, baiskeli, watoto shuleni? Wakulima gani? Na mkoa mzima mtaufikiaje kwa nauli ya watu sita?

Kwa msomaji asiye wa Kusini: tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka AMCOS, zinapimwa na kupangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, na yeye analipwa baadaye makato yakishatolewa. Kangomba ni biashara ya pembeni. Mnunuzi anamfuata mkulima shambani mapema, fedha mkononi, kwa kipimo kisicho rasmi na bei ya chini. Imekatazwa, na bado ipo. Kila mtu mjini ana maelezo yake: huyu atasema ni shida za nyumbani, yule atasema wakulima hawauamini mfumo.

Kufikia jioni swali lilikuwa limekaa hivi: "Kwa nini baadhi ya wanachama wa AMCOS moja huuza sehemu ya korosho zao kabla ya mnada wa kwanza, na wengine wa AMCOS hiyo hiyo hawauzi?" Ile nusu ya pili ndiyo iliyonifurahisha. Bila wasiouza huna wa kulinganisha naye, na bila kulinganisha huwezi kusema "kwa sababu".

Kundi la pwani litafuatilia mapato ya wanawake wanaochokoa pweza Mikindani. Kundi la tatu limechagua nyumba kongwe za mawe za Mikindani hiyo hiyo, mji ambao mwaka 1866 mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliondokea kuelekea bara katika safari yake ya mwisho. Walitaka kuandika historia ya mji. Wamekubali kitu kidogo zaidi: nyumba zipi zimekarabatiwa ndani ya miaka kumi iliyopita, na nani alilipa.

21 Oktoba

Hiki ndicho kipindi ninachokithamini kuliko vyote, na ningependa kila mwalimu wa utafiti akijaribu.

Makundi yalikuwa tayari yameandika madodoso. Niliwaambia wayafunike. Tukabandika karatasi za bango ukutani, na kila kundi likachora majedwali yatakayokuwa kwenye sura yake ya matokeo: kichwa cha jedwali, safu, mistari, kila kitu isipokuwa takwimu. Majedwali matupu. Ukishindwa kulichora jedwali lako leo, hutaweza kulijaza Januari.

Jedwali kuu la kundi la korosho lilikuwa na safu mbili: waliouza kabla ya mnada na wasiouza. Kwenye mistari wakaandika sababu na mahitaji: chakula cha nyumbani, ada na sare, ugonjwa, salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua wa palizi, sherehe za jando na unyago, kutoridhika na makato, kuchelewa kwa malipo. Waliposimama wakalitazama, binti mmoja aliyekuwa kimya tangu wiki ya kwanza akauliza, "Na kama mistari yote itafanana pande zote mbili? Wasiouza nao si wanaumwa, si wana watoto shuleni?" Darasa likanyamaza. Alikuwa amegusa moyo wa utafiti wao. Ikiwa shida ni sawa kwa wote, shida peke yake haielezi kitu, na lazima kuna jambo jingine linalomsaidia huyu asiuze. Dakika chache baadaye mistari mipya iliongezwa: ana kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), ana ndugu anayemtumia fedha, ana zao jingine la kuuza kama ufuta au mbaazi.

Ndipo tukafunua madodoso. Sheria ilikuwa moja: kila swali lionyeshe linajaza chumba kipi cha jedwali lipi. Dodoso la korosho lilikuwa na maswali 38. Dini ya mhojiwa ikatoka. Kabila likatoka. Niliwauliza walikuwa wameyaweka kwa nini, wakajibu, "Madodoso yote huwa yanauliza, mwalimu." Elimu ya baba ikatoka. "Je, unafahamu umuhimu wa ushirika?" likatoka bila hata kutetewa. Yakabaki 17. Na kuna kitu walikisahau ambacho jedwali liliwadai: mwezi ambao fedha ilihitajika. Hawakuwa na swali hata moja kuhusu mwezi, na utafiti mzima unahusu nani anaweza kungoja na nani hawezi.

Mwenzangu wa miradi aliona kilekile kwa jicho lake. Kila swali lililofutwa ni dakika kadhaa kwa kila mhojiwa, dakika zikijumlishwa ni siku, na siku ni chakula na nauli.

28 Oktoba

Sampuli. Karibu kila ripoti ya wanafunzi niliyowahi kusahihisha inatumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967 ya kukokotoa wahojiwe watu wangapi, na wengi huinakili bila kuiuliza chochote. Leo tumeifanyia hesabu ya mfano ubaoni. Tuseme daftari la AMCOS lina wanachama 420. Idadi ya sampuli ni 420 kugawa kwa (1 + 420 mara kipeo cha pili cha kiwango cha kosa). Kosa likiwa asilimia 5, chini panakuwa 2.05, na sampuli ni watu 205. Kosa likiwa asilimia 10, chini panakuwa 5.2, na sampuli ni watu 81.

Hapo tukaleta nauli. Watu sita, kila mmoja akiweza mahojiano matano kwa siku ikiwa nyumba hazijaachana sana, ni mahojiano 30 kwa siku. Watu 205 wanahitaji siku 7 za kijijini. Watu 81 wanahitaji siku 3. Zidisha kwa bodaboda ya kwenda na kurudi na mlo wa mchana, linganisha na mfuko wa kundi. Siku 7 hazipo.

Sikutaka waishie hapo na kuandika tu "asilimia 10" kama wanaojaza fomu. Niliwauliza wanalipa nini kwa kuchagua watu 81. Tukafika pazuri: wakipata kwamba asilimia 60 wameuza mapema, ukweli wa AMCOS nzima unaweza kuwa popote kati ya takriban 50 na 70. Kwa hiyo hawataandika "walio wengi" kwa sauti ya uhakika ikiwa jibu limekaa karibu na nusu. Na hesabu hiyo inasimama tu kama watu wamechaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye daftari. Ukihoji 81 uliowakuta kibarazani, Yamane hahusiki.

4 Novemba

Mpango kazi. Nilisema kwa kifupi kwamba chati tunayoiita ya Gantt, ile inayoonyesha kila kazi kwa mstari wa muda wake, ina jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba Karol Adamiecki wa Poland alikuwa na chati ya namna hiyo tangu 1896. Kisha tukashika kalamu.

Makundi yote matatu yalichora mistari mizuri ya rangi, na yote matatu yakaweka "kupeleka barua" baada ya "kukamilisha dodoso". Tukafuata mnyororo wa kundi la korosho pete kwa pete. Barua ya chuo inakwenda halmashauri. Halmashauri ikiridhia, inakwenda kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Bila mtendaji hakuna kikao na viongozi wa AMCOS, bila viongozi hakuna daftari la wanachama, bila daftari hakuna sampuli, bila sampuli hakuna mahojiano. Huo ndio mnyororo mrefu kuliko yote, na siku moja ikipotea ndani yake mradi mzima unachelewa siku moja. Dodoso linaweza kuandikwa, kujaribiwa na kusahihishwa wakati barua ipo mezani kwa mtu. Wataalamu wa DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, walioitengeneza mbinu hii ya kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote mwaka 1957 walikuwa wakishughulika na mitambo ya viwanda. Huku kwetu kiungo kirefu kuliko vyote ni muhuri. Barua zimepelekwa alasiri ile ile.

Kundi la pwani lilikuwa limepanga kazi kila Jumamosi. Walipokwenda kusalimia Mikindani wakaambiwa na mama mmoja, "Wanangu, pweza hajui Jumamosi." Kuchokoa pweza kunafuata bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha mwamba wazi, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu kina mama wako nyumbani. Chati yao sasa imepangwa kwa mwezi: kupima mavuno ufukweni ni siku za bamvua, mahojiano ni siku za maji mafu. Imekuwa nzuri kuliko zote ukutani.

Jambo moja nimelisimamia kwa ukali: kila mstari wa mpango kazi una jina la mtu mmoja. Wakiandika "kundi zima" nafuta. Kazi ya kundi zima haina mwenyewe.

13 Novemba

Jaribio la dodoso, kijiji jirani na kile cha utafiti, ili tusiwachoshe wala kuwazindua wahojiwa wenyewe. Nilikwenda na kundi la korosho.

Bibi mmoja alitupokea chini ya mkorosho wake, akiwa anatenganisha korosho na mabibo kwa uzi. Wanafunzi wakamwamkia, wakaketi mkekani, wakajieleza vizuri. Maswali ya kwanza yalikwenda. Likafika: "Je, msimu uliopita uliuza korosho kwa kangomba?" Bibi akaendelea na uzi wake. Akasema hapana, hajawahi. Kisha akamtazama aliyeuliza, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, unaniuliza hilo na kalamu umeishika mkononi?"

Siku ile hakuna aliyesema ndiyo. Tulirudi tukiwa tumebanana kwenye gari, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya bibi yule. Jioni swali likaandikwa upya. Sasa linaanza mbali: msimu uliopita, kabla ya mnada wa kwanza, kulitokea jambo lolote nyumbani lililohitaji fedha? Lilikuwa jambo gani, mwezi gani? Fedha ilipatikana vipi? Majibu yanaandikwa kama yanavyotoka: nilikopa, nilichukua kikoba, niliuza kuku, niliuza debe mbili. Neno kangomba halimo kabisa kwenye dodoso.

Hapo hapo tukazungumza maadili ya utafiti, na safari hii hakuna aliyeyaona kuwa ni ukurasa wa kujaza tu. Mtu akikwambia amefanya jambo lililokatazwa, amejiweka rehani mikononi mwako. Tumeamua hivi. Dodoso lina namba, halina jina. Karatasi inayounganisha namba na jina inakaa kwa kiongozi wa kundi peke yake na itaharibiwa kazi ikiisha. Ridhaa inaombwa kabla ya swali la kwanza, na mhojiwa anaweza kukataa swali lolote. Mtendaji anatupeleka hadi nyumbani lakini haketi kwenye mahojiano. Na hakuna, kwa hali yoyote, anayeuliza jina la mnunuzi.

9 Desemba

Makundi yako kazini. Mvua zimeanza. Kundi la korosho limekula siku yake moja ya akiba kwa sababu ya barabara.

Kuna jambo la sampuli lililonifanya niwapigie simu jioni. Baadhi ya waliochaguliwa kwenye daftari wamehamia Dar es Salaam, na wengine hawakutwi nyumbani kwa kuwa wanashinda shambani. Mwanafunzi mmoja alitaka kuwajazia nafasi kwa majirani waliopo. Nilimwomba afikiri anayekutwa nyumbani mchana katikati ya mavuno ni nani. Akajibu mwenyewe: mzee, mgonjwa, au asiye na korosho za kuokota. Ukiwachukua hao badala ya walio shambani umebadilisha jibu bila kujua. Wamekubaliana kurudi alfajiri, na asiyepatikana hata hivyo ataandikwa kuwa hakupatikana.

13 Januari

Uandishi. Mpangilio ni ule wa kawaida wa utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo na mjadala, lakini hatuandiki kwa mfuatano huo. Tumeanza na mbinu, kwa kuwa zimefanyika na bado ni mbichi kichwani. Zikafuata matokeo, yaani yale majedwali ya Oktoba yakiwa sasa na takwimu ndani. Utangulizi utakuja baadaye, na ikisiri mwisho kabisa.

Rasimu ya kundi la korosho ilikuwa na sentensi hii: "Wakulima wengi hawana uelewa kuhusu umuhimu wa mfumo wa stakabadhi ghalani, hivyo serikali itoe elimu." Niliuliza imetoka jedwali gani. Wakapekua. Hakuna swali hata moja walilouliza kuhusu uelewa. Sentensi ile ilijiingiza yenyewe, kwa sababu iko mwishoni mwa ripoti nyingi walizosoma, na haimgharimu mwandishi chochote kumwita mkulima mjinga. Imefutwa. Mahali pake wameandika kile ambacho majedwali yao yanakibeba: kwamba waliouza mapema na wasiouza walikuwa na mahitaji yanayofanana, na walipotofautiana ni kwenye mahali pa kupata fedha ya haraka, hasa kikoba. Ni sentensi ndefu na haina mapambo. Naiheshimu sana.

Kuhusu wizi wa maandishi, nimeacha kuwatishia. Badala yake tunafanya zoezi: soma aya mara mbili, funika kitabu, andika ulichoelewa kwa maneno yako, funua, linganisha, kisha weka jina la mwandishi na mwaka. Asiyeweza kuandika akiwa amefunika, hajaelewa bado, na arudi kusoma. Niliwakumbusha pia kwamba kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kinachoratibu utafiti wa korosho wa nchi nzima, kiko nje kidogo tu ya mji. Ni ajabu kunukuu kutoka mbali habari za ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na salfa wakati wanaozichunguza ni majirani zetu.

20 Januari

Kipindi cha shukrani na kumbukumbu za uwandani. Nilikitumia kuwapeleka Tendaguru, kwa maneno tu, maana safari hatuna fedha yake.

Kilima hicho kiko Mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mabaki ya dinosaria, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, na mamia ya wafanyakazi wa huku wakichimba. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikabebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapanda meli. Mmoja wa wanyama hao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Mfupa usioandikwa umetoka shimo gani ungefika Berlin ukiwa jiwe tu. Daftari la kundi la pwani, lenye tarehe, hali ya maji na uzito wa kila pweza, ni kazi ya namna ile ile, na niliwaambia hivyo mbele ya wote kwa sababu wanastahili.

Halafu tukamzungumza Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, fundi aliyeaminiwa kwa mifupa migumu kuliko yote. Mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Wanafunzi walikasirika kwamba ilichukua muda mrefu hivyo. Nikawaambia wafungue ukurasa wao wa shukrani. Ulikuwa umeshukuru Mungu, wazazi, mkuu wa chuo na msimamizi. Leo umeongezwa mwenyekiti wa kitongoji aliyewatembeza nyumba kwa nyumba, na kina mama waliowafundisha kusoma bamvua, kwa majina, kila mmoja akiwa ameombwa ruhusa kwanza. Wahojiwa wa korosho wameshukuriwa kwa pamoja, bila majina.

17 Februari

Kundi la korosho limepeleka matokeo kijijini, ofisi ya AMCOS, mbele ya viongozi na wanachama waliojaza mabenchi hadi nje. Walibeba majedwali matatu kwenye karatasi za bango na hawakusoma ripoti.

Mzee mmoja alisimama. "Mbona hamkuuliza wanunuzi ni kina nani? Hilo ndilo tunalotaka kujua." Yule binti wa Oktoba ndiye aliyejibu: "Babu, tungeuliza hilo, usingetujibu wewe wala jirani yako. Tumeuliza kinachowafanya watu washindwe kungoja, kwa sababu hicho mnaweza kukizungumza hapa leo bila mtu kuumia." Mzee akaketi. Mazungumzo yakahamia kwenye kikoba, na kama AMCOS yenyewe inaweza kutenga mfuko wa mikopo midogo ya miezi ya kabla ya mnada, Julai hadi Septemba, irudishwe wakati wa malipo ya mnada. Katibu akaomba abakiziwe jedwali la mahitaji kwa miezi. Lile ambalo swali lake halikuwepo kwenye dodoso la kwanza.

Hali ya kazi kufikia leo: ripoti ya korosho imekamilika, na karatasi ya majina imechomwa mbele ya kundi zima. Ripoti ya nyumba za Mikindani ipo kwa msimamizi, inarudishwa kwa marekebisho ya ramani. Kundi la pwani limeomba muda zaidi. Bamvua mbili za Januari ziliharibiwa na upepo, na bila hizo jedwali lao la pili lina safu isiyojaa. Tumewapa hadi mwezi mpevu ujao. Salio la nauli limerudishwa kwa mhasibu pamoja na stakabadhi. Mwaka ujao wa masomo kundi jipya litachukua swali lililoachwa mezani AMCOS, kuhusu mfuko wa mikopo na nani atauendesha, na litaanzia Oktoba kwenye karatasi ya bango, kabla halijaandika swali hata moja la dodoso.